Nahodha Aliyenyima Pasi

Kila asubuhi kabla ya shule, watoto wa mtaa wa chini walianza mazoezi kwa kuinama. Uwanja wao ulikuwa nyuma ya karakana ya fundi wa kuchomelea mageti, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wao. Kabla mpira haujaguswa ilibidi waokote misumari na vipande vya chuma, maana wengi walicheza pekupeku. Nahodha alikuwa binti wa fundi cherehani. Pasi zake hazikupotea njia, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wa mama yake.

Mwaka huo binti hakuwa na amani. Tajiri mwenye duka la mabati alikuwa ameapa kwamba kombe la mitaa, lililokuwa mtaa wa chini, sasa litakwenda mtaa wa juu. Aliwanunulia watoto wa huko jezi, akawaletea kocha wa kulipwa, kisha akaanza kuvuna wachezaji wa mitaa mingine. Leo huyu kapewa baiskeli, kesho yule kapewa begi, keshokutwa wote wamehamia juu.

"Sasa ni zamu yetu, mama. Tutaibiwa mtu."

"Mwanangu, ukimwona kila jirani mwizi, utakosa hata wa kukuazima chumvi."

Hilo halikumwingia. Siku chache kabla ya fainali alimwona Kisigino, mfungaji wao na rafiki yake tangu darasa la kwanza, mlangoni pa duka la mabati. Alikuwa na yule tajiri, na boksi la viatu kati yao. Binti akageuza njia. Hakuuliza, moyoni alikwisha kuhukumu.

Siku ya fainali Kisigino alikimbia, akapunga mikono, akaita mpaka sauti ikamkauka. Nahodha alimpa kila mtu mpira isipokuwa yeye. Mapumziko yakawakuta nyuma kwa bao moja.

"Mbona unaninyima pasi?" Kisigino alifoka.

"Kamuulize tajiri wako! Nilikuona na boksi."

Wenzao wakanywea. Kisigino akainua mguu. Soli ilikuwa imeachama.

"Tazama kiatu kinavyocheka! Aliyenunuliwa anavaa hivi?"

"Alikuwa anavirudisha," kocha alisema taratibu. "Vililetwa kwao jioni, akaja kuniomba ushauri."

"Kwa nini hukuniambia mimi?" binti alimuuliza Kisigino.

"Wewe? Ungenitafuna kabla sijamaliza sentensi!"

Binti aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. "Nisamehe, ndugu yangu."

Kipindi cha pili, mpira wa kwanza alioupata aliusukuma kwa Kisigino. Bao! Huko upande wa pili, nyota wa kununuliwa walianza kugombea nani apige mpira wa adhabu. Karibu na mwisho Kisigino akafunga tena. Kombe likabaki mtaa wa chini.

"Kumbe pesa hazishindi, Kocha!" kipa wao alipiga kelele.

"Usijidanganye. Enzi za ujana wangu klabu moja tajiri ilinunua kikosi kizima, ikabeba vikombe mfululizo. Baadaye ikanunua kingine cha bei kubwa zaidi. Wakagombana, ikashuka daraja. Pesa hununua miguu, na miguu mizuri si kitu kidogo. Kuaminiana ndiko hakuuzwi."

Kisha akamgeukia nahodha.

"Nawe, binti yangu, ukimshuku mwenzako, muulize. Tajiri alitoa viatu vipya akashindwa kutunyang'anya Kisigino. Wewe nusura umpe bure."