Vali ya Mkono wa Kushoto

Maiti ilielea miguu ikiwa juu.

Inspekta Alliance Nduwayo aliitazama kutoka kwenye gati la Fisksätra, mtaa wa wahamiaji huko ughaibuni, saa tatu asubuhi, Jumapili moja ya mwezi Machi. Vazi kavu la kupigia mbizi lilikuwa limevimba kama pipa. Hewa yote ilikuwa imekimbilia miguuni, na kichwa kilining'inia chini ya maji. Polisi wawili waliivuta hadi kwenye mbao.

"Jina lake?"

"Onésime Bahati, Mkongomani wa Uvira," alijibu mwanamume aliyeketi pembeni, naye bado ana vazi lake la mbizi. "Mimi ni Zénon, rafiki yake. Tulizama wawili."

"Kilitokea nini?"

"Sijui, Mama Inspekta. Tulikuwa mita ishirini chini. Niligeuka kutazama mwamba. Nilipomtafuta, hayupo."

"Hukumwona akipanda?"

"Sikumwona."

Axel, mtaalamu wa vielelezo ambaye naye alikuwa mpiga mbizi, alipiga magoti kando ya maiti. Aligusa kifuniko cha duara kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko.

"Hii ni vali ya kutolea hewa," alisema. "Ukishuka, maji hulibana vazi, nawe huliongezea hewa ya mtungi. Ukipanda, hewa hiyo hupanuka, kwa hiyo unainua kiwiko na inatokea hapa. Isipotoka, vazi linakuwa puto. Linakurusha juu, na mapafu hayahimili kasi hiyo."

"Na hii?"

"Imefungwa kabisa. Kila mpiga mbizi huifungua kabla ya kuingia majini."

"Alisahau?"

Axel alishusha sauti. "Au hakutaka kuifungua."

Haikujulikana nani aliyesikia maneno hayo, lakini kabla ya ibada ya mchana kwisha yalikuwa yamefika kanisani. Onésime amejiua, watu walinong'ona. Aliwangoja mke na watoto miaka mitano. Wamefika, wamekaa wiki sita tu, naye ameona afadhali maji.

Jumatatu Alliance alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu ya jengo moja la Fisksätra. Josiane, mjane wa Onésime, alimfungulia mlango akiwa amejifunga kitenge juu ya koti, kana kwamba bado hajaamini kwamba ndani kuna joto.

"Karibu, madame. Watu wa kanisa wameniletea chakula. Maneno pia wameniletea."

"Pole sana, mama."

"Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Alitukimbia?"

"Bado sijui. Alikuwa na huzuni?"

"Huzuni? Alikuwa na bega bovu. Alianguka kazini mwaka jana, mkono wa kulia ukakauka." Josiane aliinua mkono wake, akausimamisha mbele ya kifua. "Ulikuwa unaishia hapa. Kila asubuhi nilikuwa nampaka mafuta bega la kushoto, maana mwenyewe halifikii. Anacheka, ananiambia, 'Josiane, mwaka mzima nimekuwa mweusi upande mmoja na wa majivu upande wa pili!'"

Alicheka naye, kisha akafunika mdomo kwa kitenge.

Kalamu ya Alliance ilisimama. Mkono usiofika begani haufiki kwenye vali. Onésime hakuweza kuifunga, wala kuifungua. Kila mara walipozama, kulikuwa na mkono mwingine uliomfanyia kazi hiyo.

Uchunguzi wa maiti ulikamilika Jumanne. Daktari alikuta viputo vya hewa katika mishipa ya ubongo, dalili ya mtu aliyerushwa juu kwa kasi, na akathibitisha kwamba kiungo cha bega la kulia kilikuwa kimekakamaa. Jioni hiyo Axel aliweka mezani kompyuta mbili ndogo za kurekodi kina na kasi, ambazo wapiga mbizi hao walikuwa wamezivaa mikononi. Alliance alizisoma kwa makini, akaandika hati ya wito.

Jumatano asubuhi Zénon aliketi mbele yake katika chumba cha mahojiano. Alikuwa amekataa wakili. Alliance alimfungulia daftari la mbizi lililochukuliwa chumbani kwake.

"Mbizi mia mbili na kumi na moja. Kila ukurasa una sahihi ya mwenzako. Ni mtu mmoja tu."

"Sikuwa na mwingine."

"Mwezi wa pili hauna kitu."

"Familia ilikuwa imefika."

"Nani alikuwa akimfungulia vali?"

Zénon alilifunga daftari.

"Zénon, nani?"

"Mimi."

"Na Jumapili?"

"Labda nilisahau. Watu husahau, Mama Inspekta."

"Ulisema hukumwona akipanda. Kompyuta yako inasema ulipanda naye. Sekunde zile zile, kasi ile ile, kutoka mita ishirini hadi kumi na mbili. Kisha yeye akaendelea, wewe ukabaki. Ulimshika, Zénon. Halafu ukamwachia."

Zénon aliinamisha uso. Alipoanza kusema, alisema polepole, kama mtu anayesoma barua.

"Aliniambia hii ndiyo mbizi ya mwisho. Jumapili sasa ni za watoto. Alisema akitabasamu! Hakuuliza mimi nitakwenda wapi. Ninafanya usafi usiku, ninalala mchana. Kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi hakuna anayelitaja jina langu."

"Ukaiacha vali imefungwa."

"Nilimgusa tu, kama kawaida, akadhani nimeifungua. Nilitaka aogope kidogo. Hewa ikimzidi, nimshike, nimfungulie, tupande pamoja taratibu. Tukifika juu aseme, 'Bila Zénon ningekufa.' Neno hilo tu. Baada ya hapo asingeniacha."

"Kwa nini hukufungua?"

"Glavu ni nene. Vidole viliteleza, mara mbili, mara tatu. Vazi langu nalo likaanza kujaa. Tungerushwa wote." Alivitazama vidole vyake. "Alikuwa ananitazama machoni. Nikamwachia."

Alliance alikuwa akiishi peke yake katika mtaa wa Hallonbergen, na Jumapili za namna hiyo alizifahamu vizuri. Hata hivyo aliandika maelezo yote, akamsomea, akampa kalamu atie sahihi. Kisha akamkabidhi kwa askari wa mahabusu.

Alasiri alirudi Fisksätra. Josiane alikuwa mlangoni. Kwenye ngazi, wanawake wawili wa kanisani waliobeba sufuria walisita kusalimu.

"Hakuwakimbia," Alliance alisema. "Alikuwa amemwambia rafiki yake kwamba haendi tena majini, kwa sababu Jumapili ni za watoto. Rafiki huyo ndiye aliyeiacha vali ya hewa imefungwa, kwa makusudi. Amekiri."

Josiane alishika mwimo wa mlango.

"Kwa hiyo alikuwa anarudi kwetu."

"Alikuwa anarudi, mama."

Wanawake wale walitaka kushuka. Josiane aliwaita kwa majina yao, akawaomba wangoje. Kisha akawaita watoto, Gilles na Nicole, akawasimamisha mbele yake, mikono yake juu ya mabega yao. Mlango aliuacha wazi kabisa.

"Madame," alisema, "sema tena. Kwa sauti."