Kitabu cha Kumfaa Wifi

Kwa dobi siku huanza kwa mvuke. Kabla mlango wa mbele haujafunguliwa, pasi zimeshapata moto na mashuka yanasubiri kwenye vikapu. Wanawake husimama nyuma ya meza ndefu, kila mmoja na pasi yake. Mikono inafanya kazi, na midomo nayo haikai bure.

Bingwa wa midomo alikuwa Mama Pasi. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu hakuna aliyenyoosha shati kama yeye. Pale pale alifanya kazi dada wa mumewe. Mama Pasi alimwita "Wifi" kutwa nzima, mpaka wenzao wakamwita hivyo, mpaka wateja nao wakadakia. Hata wanaume wasio na undugu naye hata wa kuazima walisimama mlangoni wakiita, "Wifi, suruali yangu iko tayari?"

Wifi alikuwa mjane. Mumewe alipofariki, shemeji zake walikuja na lori. Walichukua kitanda, kabati, mpaka pazia. Kisha wakaifunga nyumba na kumwambia, "Vumilia, shemeji. Ndiyo dunia." Akaja kukaa kwa kaka yake, fundi redio, ambaye mkewe ndiye huyo Mama Pasi.

Mawifi hawa wawili walisoma pamoja darasa la jioni la watu wazima. Walianza na a, e, i, o, u, wakamaliza wakisoma gazeti. Siku ya mwisho mwalimu aliwaambia, "Kusoma ni kama kisu. Ukikiacha, kinashika kutu."

Mama Pasi alisikia. Alijiunga na maktaba, akaanza kumeza riwaya. Alipenda hasa riwaya za kihistoria, zile za enzi za vita na wafalme, zenye wanawake waliokataa kukanyagwa. Wifi yeye aliona amemaliza. Hakushika hata kijikaratasi tena. Na kutu ikaja, jamani, bila kupiga hodi.

Kazi ya Wifi ilikuwa kaunta. Kila nguo ilibanwa karatasi ndogo yenye jina la mwenyewe. Wifi alitakiwa kusoma jina na kutoa nguo. Lakini sasa herufi zilimchelewesha, akawa anakumbuka nguo kwa rangi. Asubuhi moja alikuja daktari, na nyuma yake akaja muuza nyama. Wote wawili walifuata makoti meupe. Basi daktari akaondoka na koti la buchani. Muuza nyama akapasua mbavu za ng'ombe amevaa koti lenye jina la hospitali kifuani. Mtaa mzima ulicheka mpaka machozi. Msimamizi hakucheka.

"Wifi, unajua kusoma au hujui?" aliuliza.

"Nilikuwa najua."

"Nilikuwa! Ukikosea tena, kaunta basi. Unarudi kwenye mabeseni."

Jioni hiyo Wifi hakula. Alikaa kwenye kigoda akitazama viganja vyake.

"Acha nirudi kwenye mabeseni," alisema. "Kusoma hakukuandikiwa mtu kama mimi."

"Nani kasema?" Mama Pasi aliruka. "Kisomo chako hakipotei nikiwa hai! Dawa yake ni riwaya. Ukitaka kujua mtu wa kitabuni yatamkuta nini, utasoma tu, upende usipende."

"Mke wangu, muache apumzike," alisema fundi redio.

"Atapumzika akisoma!"

Mama Pasi akiamua jambo, heri ubishane na treni. Kesho yake, pasi mkononi, alianza kumsimulia Wifi kitabu kizuri ajabu. Alikisimulia kama wanawake wa dobi wanavyosimulia kila kitu: kuanzia mwanzo, na sauti za kila mtu, na vilio. Malkia alipofukuzwa, walisikia. Mwana wake aliyepotea alipopatikana, walisikia. Shuka la mwisho lilipokunjwa, na hadithi nayo iliishia hapo.

"Haya, kitabu kipo maktaba," alisema Mama Pasi akihema. "Nani atakiazima?"

Kila mmoja akainama kupanga mashuka yake.

"Sasa nikaazime nini, wifi yangu?" Wifi aliuliza. "Umeshamwaga mtama wote. Hata malkia alivyozikwa najua."

Mama Pasi hakufa moyo. Safari hii hakusimulia. Alileta kitabu chenyewe, tena kile kinene kuliko vyote. Wifi alikifungua. Herufi zilikuwa ndogo kama sisimizi, na ukurasa wa kwanza ulijaa majemadari na vyeo vyao. Akasoma mstari, akarudia, akapotea. Siku iliyofuata Mama Pasi alikikuta kitabu chake juu ya suruali yenye marinda.

"Wifi! Unafanya nini?"

"Kinakandamiza vizuri sana," Wifi akajibu. "Asante."

Wenzao waliangua kicheko. Mama Pasi alikasirika, lakini wapi, hakurudi nyuma. Akaenda tena maktaba, akarudi na kingine. Alikiweka juu ya kaunta kwa heshima.

"Hiki utakipenda, mimi nakwambia. Kina mwanamke mvumilivu, mvumilivu sana! Anateswa, anavumilia. Ananyang'anywa, anavumilia."

Wifi aliweka chini mashati aliyoshika.

"Mvumilivu!" alisema. "Nilipofiwa niliambiwa vumilia. Walipobeba kitanda changu, vumilia. Nikilia, naambiwa jikaze kisabuni. Sasa na vitabu navyo vimekuja kuniambia nivumilie? Sitaki! Nimechoka na uvumilivu, mnasikia?"

Hakuna aliyecheka. Mama Pasi alihisi machozi. Alikuwa na nia njema, naam, lakini hata nia njema ikizidi moto huunguza shati.

Upande wa pili wa kaunta alisimama mteja mwenye mfuko mkubwa. Alikuwa mkutubi, yule mama anayetunza vitabu vya maktaba. Alileta mapazia ya ukumbi wa kusomea, akayakuta hayo.

"Samahani, nimesikia," alisema. "Naweza kusema neno?"

"Sema, mama," Mama Pasi alijibu. "Labda wewe atakusikiliza."

"Neno lenyewe ni lako wewe, Mama Pasi."

Hapo wakacheka kidogo, na hewa ikapoa.

"Kupendekeza kitabu ni kazi," mkutubi aliendelea. "Wewe umempa vitabu ulivyovipenda wewe. Daktari hakupi dawa kwa sababu yeye anapenda ladha yake. Anza na mtu, kitabu kifuate. Uliwahi kumuuliza anataka hadithi ya nani?"

"Nimuulize nini? Huyu ni wifi yangu, namjua."

"Ndipo tunapokosea. Tunaowajua ndio hatuwaulizi." Mkutubi alimgeukia Wifi. "Dada, ukipewa hadithi ya mwanamke wa zamani, ungetaka afanye nini?"

Wifi hakuwahi kuulizwa swali kama hilo. Alifikiri.

"Ajibu," alisema.

"Amjibu nani?"

"Yeyote anayemwambia anyamaze."

"Na afanye kazi gani?"

"Kazi ninayoijua, nisije nikapotea humo ndani."

"Unapenda alie?"

"Alie akitaka. Lakini akishalia, ainuke."

Mkutubi alitikisa kichwa kukubali. "Basi kumbe hutaki wa kuteswa tu. Unamtaka anayeinuka. Wako tele. Kipo kitabu cha mkunga, enzi za tauni. Kijiji kizima kinamlaumu kwa vifo, na yeye ndiye pekee anayejua kuokoa watu. Kipo cha binti wa mpiga chapa. Baba amefungwa na mfalme, mashine ya kuchapia imebaki mikononi mwa binti. Na kipo cha wanawake waliofua nguo za wanajeshi, wakati wa vita kuu ya zamani. Waume zao walichukuliwa kwa nguvu kubeba mizigo ya jeshi. Siku moja wanawake wote wakaweka nguo chini. Wakasema, hatufui mpaka tuambiwe waume zetu wako wapi. Kamanda akatoka nje na bunduki..."

Akanyamaza. Pasi zote zilikuwa zimesimama.

"Kisha?" Wifi aliuliza.

"Kisha mapazia yangu haya, tafadhali, msiyapige pasi ya moto sana."

"Mama! Kisha?"

Mama Pasi alikuwa amekisoma kitabu hicho. Mdomo ukamfunguka wenyewe. "Kisha yule kamanda..."

"Mama Pasi!" mkutubi alimkata. "Ukisema, nakufungia kadi yako ya maktaba."

Mdomo ukafungwa.

"Umeona?" mkutubi alimwambia kwa upole. "Ukiwasimulia hadithi nzima, wanashiba. Mtu aliyeshiba haendi jikoni. Mwambie mwenzako ni enzi gani, ni mwanamke gani, na ni shida gani inamkabili. Ukifika kwenye mlango wa shida hiyo, simama. Ndani aingie mwenyewe."

Kesho yake mkutubi alikileta kitabu hicho cha wanawake wafuaji. Kilikuwa chembamba, chenye herufi kubwa za kusomeka. Alimwomba Wifi asome ukurasa wa kwanza kwa sauti.

"Hapa hapa? Mbele ya watu?"

"Hapa hapa. Ukikwama mara moja moja, kitabu ni chako. Ukikwama kila mstari, tutatafuta chepesi zaidi, na wala si aibu. Viatu navyo tunavijaribu kabla ya kununua."

Wifi alianza. Alikwama, akavuta pumzi, akaendelea. Alikwama tena. Ghafla akasimama na kugonga ukurasa kwa kidole.

"Eh! Huyu anasema waliloweka mablanketi ya sufu kwenye maji ya moto! Si yatasinyaa hayo?"

"Soma mbele uone," mkutubi alijibu.

Wifi akasoma mbele. Mablanketi yalisinyaa, na kamanda akalala miguu ikiwa nje. Wifi alicheka kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kitabu kumchekesha.

"Lakini mama, haya yalitokea kweli?" aliuliza.

"Swali zuri. Vita kama hivyo vilipiganwa, na watu walibebeshwa mizigo ya majeshi. Wanawake hawa, mwandishi amewabuni. Amechunguza enzi ile, walivyovaa, walivyokula, kisha akaweka watu wake ndani. Mara nyingi kurasa za mwisho zinakueleza lipi ni la kweli na lipi la kubuni. Kazisome pia. Riwaya haiwi ushahidi. Inakuonyesha tu ilivyokuwa kuishi siku zile."

Wifi alikwenda na kitabu nyumbani. Msidhani ilikuwa mteremko. Sura ya vita ilimtoa jasho. Maneno yalikuwa marefu na yeye alikuwa amechoka na kazi. Siku moja alikifunga kwa kishindo.

"Kimenishinda!"

Mama Pasi alitaka kusema "vumilia". Neno lilishafika ulimini. Akalimeza. "Tusome pamoja?" aliuliza. "Ukurasa wewe, ukurasa mimi."

Wakasoma. Fundi redio alipowasha redio yake, wote wawili walimfokea kwa pamoja. Akaizima. Baadaye akasogeza kigoda, akawa anasikiliza na yeye, ila alijifanya anatafuta skrubu.

Aliyeteseka zaidi alikuwa Mama Pasi.

"Kamanda atawasikiliza?" Wifi alimuuliza.

"Sijui."

"Si umekisoma!"

"Nimesahau."

Mama Pasi, kusahau! Aliuma taulo ili asiseme. Lakini hakusema, na ukweli lazima tumpe hongera, kwa sababu kwake hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kunyoosha mapazia.

Taratibu herufi zikamrudia Wifi. Kaunta ikatulia. Alisoma kila jina kwa sauti kabla ya kutoa nguo, na msimamizi hakutaja tena mabeseni. Wenzake nao walianza kumsumbua wakati wa chakula, wakitaka kujua wanawake wale wamefikia wapi. Aliwaambia enzi, akawaambia shida, kisha akawaambia maktaba iko mtaa gani. Mmoja akaenda kuazima kile cha mkunga. Mwingine akakitaka cha binti wa mpiga chapa, lakini akakuta kimeshachukuliwa, akarudi analalamika. Kulalamika kwa sababu ya kitabu! Duka lile la dobi halikuwahi kusikia jambo hilo.

Wifi alipofika ukurasa wa mwisho, alilia. Kisha akanawa uso, akavaa viatu, akaenda maktaba. Mama Pasi alimfuata nyuma.

Wifi alisimama mbele ya meza ya mkutubi. Hakungoja kuulizwa.

"Nataka cha mjane," alisema. "Ndugu za mume wamemfukuza kwenye nyumba yake. Anaondoka analia, lakini hakubali. Anarudi, anaidai, anaipata."

Mkutubi alikwenda kwenye rafu. Alipitisha kidole kwenye migongo ya vitabu, akatoa kimoja, akakirudisha.

"Cha mjane aliyehamia mbali akaanza upya, ninacho," alisema. "Cha mjane aliyekuwa mfanyabiashara mkubwa, ninacho. Lakini aliyerudi akaidai nyumba yake akaipata... hicho sina, dada. Nisikudanganye."

Mama Pasi alimshika mkono wifi yake, akidhani atavunjika moyo. Wifi hakuvunjika.

"Nipe huyo aliyehamia mbali," alisema. "Na hapo kwenye rafu niachie nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya hicho usichokuwa nacho. Nitakiandika mimi."

Mkutubi alimtazama. Hakutabasamu kwa dharau, na hakumwambia kwamba kuandika ni kugumu. Alisogeza vitabu, akaacha pengo la upana wa vidole viwili.

"Patatosha?"

"Ongeza," Wifi alisema. "Kesho ndiyo naenda mahakamani kuidai nyumba yangu."