Vidonge Vilivyokwenda Butiama

Nyumbani kwetu Kamunyonge, hapa Musoma, asubuhi inaanza na uji. Mimi nakoroga, mume wangu Wanzagi anafungua redio, na binti yetu Matrida anakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Akimaliza kikombe anameza dawa. Dawa yake haipendi tumbo tupu.

Matrida aliugua figo. Alivimba miguu na macho, mkojo ukawa na povu. Hospitali wakampa vidonge vya prednisoloni, vile vya jamii ya steroidi. Uvimbe ukaisha. Uso wake ukawa wa mviringo kwa sababu ya dawa, mashavu kama ya mtoto mchanga, lakini sisi tuliokuwa tunalia tukaanza kucheka tena.

Baada ya miezi daktari akasema, "Sasa tunapunguza. Kidogo, tunasubiri. Tena kidogo, tunasubiri. Usiache ghafla."

Mama mkwe wangu anaishi Butiama. Aliposikia mjukuu anaendelea vizuri, akatangaza kwamba Krismasi Matrida atasimama kanisani kutoa shukrani ya kupona. Mbuzi akatengwa. Ukoo mzima ukaambiwa.

Krismasi ikakaribia, na Matrida akaanza kuumwa. Kwanza magoti, halafu mapaja na mabega. Akawa anaamka amechoka kama mtu aliyelima. Uji ukawa unamshinda. Akiinuka anashika ukuta, kizunguzungu.

Shangazi yake, Ursula, akaja kutoka Bunda ili tusafiri pamoja. Akamtazama Matrida anavyotembea.

"Wewe, mbona unatembea kama bibi yako? Tena bibi yako anakupita."

"Viungo vinauma, shangazi."

"Baridi ya ziwa hiyo. Nyie wa Musoma mnalalaga na ziwa dirishani." Akafungua mkoba. "Nina diklofenaki zangu za magoti. Meza hizi, kesho utacheza ngoma."

Niliogopa. Nikasema, "Wifi, subiri kwanza. Huyu ana figo. Tumuulize Consolata."

"Haya, uliza. Mimi na magoti yangu tunakaa hapa."

Consolata ni nesi, jirani yetu. Alikuwa anaanua nguo, akaja na kibanio bado mkononi. Akamshika Matrida mkono, akamkalisha.

"Maumivu haya ni mapya?"

"Mapya."

"Na prednisoloni sasa hivi unameza kiasi gani?"

Matrida akainamisha kichwa. "Nimeacha."

"Daktari alikuambia uache?"

"Hapana. Aliniambia nipunguze. Nikaona inachelewa."

Mimi nikaruka. "Umeachaje? Kila asubuhi nakuona unameza."

"Yalikuwa maji matupu, mama."

Wanzagi akazima redio. "Kwa nini, mwanangu?"

"Bibi anataka nishukuru kwamba nimepona. Nitasimamaje mbele ya Mungu na vidonge viko kwenye begi? Si nitakuwa nadanganya?"

Ursula akaufunga mkoba wake taratibu.

Consolata hakumgombeza. Akasema, "Sikiliza. Juu ya figo zako kuna tezi mbili ndogo. Kila siku zinatengeneza kitu kinachofanana na dawa hii, na bila hicho mwili hauna nguvu. Ulipomeza vidonge miezi mingi, tezi zikaona kazi inafanywa, zikalala. Sasa umeacha vidonge, na tezi hazijaamka. Mwili umebaki bila kitu."

"Kama ndama," akasema Wanzagi, ambaye kwao Butiama ni wafugaji. "Ukimkatia maziwa siku moja wakati hajazoea majani, anaanguka. Sisi tunamwachishaga polepole."

"Hivyohivyo, baba Matrida. Prednisoloni inaachishwa kama ndama."

"Na hizi zangu?" Ursula akauliza.

"Zako zinaweza kumuumiza figo, shangazi. Tena zikichanganyika na prednisoloni zinaweza kumtoboa tumbo."

"Basi zilale. Na magoti yangu je?"

"Nayo yapimwe, sio kulishwa vidonge tu."

Nikamuuliza Consolata, "Sasa aanze tena dawa hapa nyumbani?"

"Twendeni hospitali. Leo, sio baada ya sikukuu. Maumivu yanaweza kuwa ya kuacha dawa, au ugonjwa umerudi, au kitu kingine. Hatubahatishi. Na mtu wa dawa hii akitapika mfululizo, akizimia au akichanganyikiwa, anaweza kufa."

Nikavuta kanga yangu. Tukaenda.

Daktari alimpima presha amelala, kisha amesimama. Aliposimama ikashuka sana. Wakachukua mkojo na damu, wakamwekea dripu na dawa, wakamlaza. Majibu yalipotoka, figo zilikuwa salama. Tezi ndizo zilikuwa bado zimelala. Daktari akamrudisha kwenye kiasi cha dawa alichokuwa anameza kabla ya kuacha, akampangia kushuka kwa mwendo wa pole zaidi.

Akasema, "Ukipata maumivu mapya, njoo useme. Usijipunguzie, usijiongezee. Ukipata homa au ukitapika, njoo haraka, kwa sababu mwili unaougua unahitaji dawa hii zaidi. Ukisafiri, dawa zikae kwenye mkoba wako mwenyewe, na ziwe nyingi kuliko siku za safari."

Mama mwenzangu unayesoma, hayo ndiyo nakuachia. Mtoto kumeza mbele yako sio kumeza dawa. Muulize. Na akisema viungo vinauma, usimtafutie kidonge cha jirani.

Matrida alipata nafuu. Uji ukapita. Akaacha kushika ukuta. Daktari akaruhusu tusafiri, tukafika Butiama mkesha wa Krismasi.

Asubuhi bibi yake alimpa uji wa ulezi. Matrida akanywa, halafu akatoa vidonge mkobani.

"Hizo nini?" bibi akauliza.

"Dawa, bibi. Bado natibiwa. Kama shukrani haifai, tungoje mpaka nimalize."

Bibi akaingia ndani, akarudi na kapu la ulezi. Akazamisha mkono mpaka chini, akatoa vidonge vyake.

"Vya presha," akasema. "Wageni wakija navifichaga humu. Sitaki waseme nyumba hii ina mgonjwa."

Wanzagi akashtuka. "Mama, sasa unameza saa ngapi?"

"Mkishaondoka."

"Sisi tunakaaga hapa mpaka mwaka mpya."

"Najua. Ndiyo maana hadi mnaondoka kichwa kinauma."

Ursula akaanza kucheka, akashika mbavu. Matrida naye akacheka, mara ya kwanza tangu magoti yaanze. Mimi sikuweza. Nilikuwa nafuta machozi na kanga, nashukuru tu.

Bibi akamimina maji vikombe viwili. Kimoja akampa mjukuu. "Shukrani iko palepale," akasema. "Mungu aliyekuletea dawa hakukosea nyumba."

Wakameza pamoja.

Kanisani Matrida alisimama mbele ya watu, bibi pembeni yake. Akasema, "Namshukuru Mungu. Bado natibiwa, na leo dawa nimemeza."

Watu wakapiga makofi. Bibi akangoja yanyamaze.

"Hata mimi," akasema.