Hodi ya Pawa Saplai

Kompyuta iliyokufa haina kelele, ndiyo maana Ngigi alizipenda. Ya Muhiba ilikuwa inagonga. Ukibonyeza swichi, feni ilishtuka kidogo, halafu ndani kukasikika tik, tik, tik, kisha kimya. Mara tatu tu, haizidi wala haipungui.

Muhiba, mama wa makamo aliyekuwa akichapia watu barua kule Pumwani, aliitua juu ya meza katika kibanda cha Ngigi pale sokoni Kariokor, katikati ya washonaji wa viatu vya akala. Akainama, akanong'ona.

"Fundi, ikigonga, nyamaza. Usiitikie."

"Niitikie nani, mathe?"

"Kwetu mwenye adabu hupiga hodi tatu. Asipojibiwa, huenda zake. Huyu ana adabu. Mwache aende."

Ngigi aliuma midomo asicheke mbele yake. Alikuwa mtu wa mzaha tangu zamani, na siku hizi alikuwa na furaha ya kumzidishia mzaha huo. Mkewe Nduta alikuwa na mimba ya miezi minane, baada ya mbili zilizoharibika na miaka saba ya kuombewa kanisani. Kila adhuhuri alimpigia simu kuuliza kama mtoto amecheza, na Nduta alimjibu kuwa huyu ni mvivu kama babake.

Muhiba alipoondoka, Ngigi alianza kazi kwa utaratibu. Alichomoa pawa saplai, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme, akafunga nyingine nzima kutoka rafuni, na kompyuta ikawaka bila taabu. Basi ugonjwa ulikuwa kwenye saplai. Akaiweka mezani peke yake, akaichomeka kwenye umeme, kisha akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kibanio cha karatasi, namna mafundi wanavyoilazimisha iwake nje ya kompyuta.

Tik, tik, tik.

Sikio la kufa halisikii dawa. Ngigi akatanua mikono kama mwenye nyumba, akasema, "Karibu! Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Feni ikazunguka.

Ilizunguka laini, naye akajipongeza. Akaweka mita kwenye waya wa njano, ikasoma volti kumi na mbili kamili. Ndipo alipotambua kuwa redio za majirani zimenyamaza na cherehani za ngozi zimesimama, kwamba stima zimepotea soko zima. Akauchomoa waya ukutani, na mita bado ikasoma kumi na mbili, na feni bado ikazunguka, na kwenye matundu yake hakukutoka ile harufu ya vumbi lililoungua aliyoizoea, bali ubani, mzito, wa chumba kilichofukizwa siku nyingi madirisha yakiwa yamefungwa, na hata alipotoa kibanio feni haikusimama, ila ilipunguza mwendo, ikavuta, ikashusha, ikavuta tena, kama mtu aliyelala.

Alimpigia Muhiba. Akaja upesi. Harufu ilimkuta mlangoni.

"Umeitikia," alisema.

"Si nilikuwa najoke tu, mathe."

"Yeye hajui mzaha."

Muhiba akampigia mjomba wake, Maalim Jumbe, mtoa majini, akamweleza, kisha akaweka simu mezani, mbali na saplai. Sauti ya mzee ilikuwa ya chini.

"Aliyevamia ningemtoa. Huyu amekaribishwa. Mgeni hafukuzwi kwa kisomo, mwanangu."

"Sasa nifanye nini, mzee?"

"Hapo amepata kuingia kazini kwako tu. Atakwenda nyumbani kwako, na huko pia atabisha, maana ana adabu. Asijibiwe. Mtu wa nyumba yako asitamke 'karibu' mpaka jua litue."

Feni ikasimama papo hapo.

"Ameshatoka," Muhiba akanong'ona.

Ngigi alimpigia Nduta. Simu ilikuwa imezimwa. Akatoka mbio, akapita kati ya mafungu ya ngozi, akavuka barabara bila kutazama magari, hadi nyumbani kwake mtaa wa Ziwani. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

Nduta alikuwa sebuleni, ameketi juani karibu na dirisha, anachambua mboga.

"Kuna mtu amebisha?" Ngigi akauliza, akihema.

"Hakuna. Mbona umekimbia hivyo?"

Alipiga magoti akalia kwa shukrani, akaegemeza kichwa kwenye paja lake. "Mtu akibisha leo, usimwambie karibu. Hata kama ni pasta. Niahidi."

Nduta akacheka, akaushika mkono wake na kuuweka tumboni. "Mlangoni hajabisha mtu. Lakini huyu mvivu wako ameamka sasa hivi! Amenigonga tatu, akanyamaza. Halafu tatu tena, kama mtu yuko kwa mlango."

"Ukamwambia nini?" Ngigi akauliza.

"Ningemwambia nini, na tumemngoja miaka saba? Nimemwambia karibu."

Ngigi hakuondoa mkono. Alingoja pigo, hata moja, huku harufu ya ubani ikipanda polepole kutoka kwenye gauni la mkewe. Tumbo lilikuwa kimya. Aliyekwisha kuingia habishi.