Samli ya Baba Khalaf

Mimi ni mwanamke mwenye wivu. Nalisema mwenyewe mapema, usije ukalisikia kwa watu. Ukifika kijijini kwetu, milimani karibu na Karak, uliza nyumba ya Fidda mke wa Mufleh. Watakujibu, "Yule mwenye wivu?" Ndiye mimi.

Nyumba yangu iko juu. Nyumba ya Wadha iko chini. Katikati pana hatua mia tatu, nimezihesabu. Wadha ni mke mwenzangu. Ana miaka thelathini na moja, mimi arubaini na saba. Anacheka kwa sauti nyembamba, na meno yake yote yapo.

Mume wetu Mufleh watu humwita Baba Khalaf. Khalaf ni mwanangu mimi, yuko jeshini. Basi hata akiwa nyumbani kwa Wadha, anaitwa kwa jina la mwanangu. Hilo hunifurahisha sana.

Mufleh ni mtu wa haki. Leo analala kwangu, kesho kwa Wadha. Lakini hata siku isiyo zamu yangu, hupita kunisalimu na kunywa kahawa. Sasa mume wangu aingie kwangu atoke na kahawa tupu? Watu watasema nini? Nilikuwa namwekea mkate wa moto na bakuli la samli ya kuchovya.

Na si samli ya dukani. Sisi tuna mbuzi na kondoo wetu. Majira ya kuchipua tunasukasuka maziwa katika kiriba cha ngozi mpaka siagi itoke, kisha tunaichemsha na viungo. Kila mke ana kiriba chake. Kila mke anajua samli yake inavyonukia. Na kila mke anajua kuwa ya mwenzake hainukii hivyo.

"Kula, Baba Khalaf," nilimwambia.

"Nimeshiba, Fidda."

"Umeshiba kwa nani?"

Hapo alinyoosha mkono, akala.

Kumbe chini kwa Wadha mambo yalikuwa hayo hayo. Siku ya zamu yangu alipita kule kwa kahawa, naye akawekewa sinia. Akisema ameshiba, Wadha alinuna. Maskini, alikula mara mbili kila siku ili sisi tusigombane.

Ijumaa nilipika mansafu, wali na nyama ya kondoo iliyopikwa kwa mtindi mkavu. Kipande cha mafuta ya mkia nilikiweka mbele yake, maana hicho ni cha heshima. Halafu nilimwaga samli upande wake wa sinia mpaka wali ung'ae. Mimi na wageni wa kike tulikula bila samli. Kwetu samli ni ya mwenye nyumba.

Jambo moja nililiogopa: sukari. Baba mkwe wangu, marehemu Mzee Fayyad, alikuwa na kisukari. Alipata kidonda mguuni, hakikupona. Miaka miwili nilikiosha kwa mikono yangu. Mwisho mguu ukakatwa, akawa wa kukaa godoroni na kubebwa mpaka msalani. Mwanamume yule aliyepanda milima na kondoo! Siku ile niliapa mume wangu hatafika huko. Nikatoa sukari nyumbani. Chai bila sukari, halua marufuku. Nikajisifu kwa majirani, "Kwangu kisukari hakiingii."

Lakini Mufleh alianza kunenepa tumbo. Alikula, akasinzia palepale. Alipanda gari lake la mizigo kutoka kwangu kwenda kwa Wadha, hatua mia tatu! Nilidhani ana haraka ya kumwona. Roho iliniuma, we acha tu. Kumbe alikuwa anachoka.

Siku moja muuguzi Rawda, binti wa hapa hapa kijijini, alipima watu damu kwenye kituo cha afya. Baada ya siku tatu alimwita Mufleh.

"Baba Khalaf, njoo na anayekupikia."

"Yupi?" Mufleh akauliza.

Rawda akacheka. "Waje wote."

Tulikwenda na gari. Nilipanda mbele haraka, nikakaa katikati, Wadha akabaki na mlango.

Rawda alitukalisha. "Baba Khalaf, hujapata kisukari bado. Lakini uko mlangoni. Kipimo hiki kinaonyesha sukari ya damu kwa miezi kama mitatu iliyopita. Mtu mzima wa afya huwa chini ya tano na nukta saba. Ikifika sita na nukta tano, huo ni ugonjwa. Wewe una sita na nukta tatu."

Nikakumbuka mguu wa Mzee Fayyad. Lakini mdomo wangu ukawahi.

"Kwangu sukari haipo! Waulizwe wengine."

"Hata kwangu haipo, dada Fidda," Wadha akasema. "Nilisikia umeitoa, nami nikaitoa siku hiyo hiyo."

"Sukari ya damu haitokani na kijiko cha sukari peke yake," Rawda akasema. "Mnampikia kwa nini?"

"Samli!" tukajibu kwa pamoja.

"Kiasi gani?"

Tukatazamana. Nani anapima samli ya mume wake?

"Mlifungua kopo lini?"

"Mwanzo wa mwezi," nikasema. Wadha akasema vivyo hivyo. Makopo yetu ni ya lita nne, sawasawa.

"Kesho kutwa nileteeni hayo makopo kama yalivyo. Msiongeze, msipunguze."

Asubuhi ya siku ya kupeleka makopo nilifunua kopo langu. Lilikuwa limepungua robo. Nikafikiria kopo la Wadha. Je, kama lake limepungua zaidi? Si ndiyo itaonekana mbele ya watu kwamba Mufleh anakula zaidi kwake? Mimi niliyeolewa naye nikiwa na miaka kumi na tisa! Loo! Nikachukua upawa, nikachota samli, nikaitia kwenye sufuria, nikaificha chini ya shubaka la vyombo. Nikachota tena mpaka kopo likabaki nusu. Nikafunga kifuniko na roho yangu ikatulia.

Kituoni Rawda aliyaweka makopo mezani, akayafunua. Langu lilikuwa nusu. La Wadha lilikuwa chini ya nusu! Wivu ulinipanda mpaka masikio yakawaka. Naye Wadha akatabasamu akitazama sakafu.

Lakini Rawda hakutabasamu. Alipima kwa rula, akaandika, akapima tena.

"Zaidi ya lita nne kwa wiki tatu? Nani mwingine anakula samli hii?"

"Hakuna," Wadha akasema. "Ni yake."

"Baba Khalaf, kifua kinakuuma? Unapumua vizuri?" Rawda alisimama. "Siwezi kukurudisha nyumbani hivi. Nitampigia daktari wa hospitali kubwa. Utakwenda leo hii ukalazwe uchunguzwe moyo."

Mufleh alibadilika rangi. Akashika goti lake, mguu ule ule aliokatwa baba yake. Nilipouona mkono ule juu ya goti, wivu wote uliniishia.

"Subiri, binti yangu," nikasema. "Si yote aliyokula. Nyingine nimechota leo asubuhi. Iko kwenye sufuria."

"Umechota? Kwa nini?"

"Ili kopo langu lionekane tupu kuliko la huyu."

Wadha akajifunika uso kwa ushungi.

"Na mimi," akasema ndani ya kitambaa.

"Na wewe nini?"

"Na mimi nimechota, dada. Bakuli la kukandia unga, lilijaa."

Mufleh alicheka mpaka akakohoa. Rawda akakaa chini, akacheka akifuta macho. Nami nikacheka, nikamshika Wadha bega. Miaka sita tangu aolewe, ndiyo mara ya kwanza nacheka na yule mwanamke.

Rawda alihesabu upya. "Hata tukitoa mlichoficha, bado ni zaidi ya vijiko sita vikubwa kwa siku, mbali na mafuta ya mkia. Mnampenda sana mtu huyu. Mtamuua."

"Lakini samli yangu ni safi," nikasema. "Ni ya mbuzi wangu mwenyewe."

"Ni safi, Mama Khalaf, sijasema ni chafu. Tatizo ni wingi wake na aina yake. Sikilizeni. Mafuta yote yameundwa na vitu vidogo vinaitwa asidi za mafuta. Mwili unazihitaji, lakini haziko sawa. Samli na mafuta ya mkia yamejaa zile za kuganda. Uliona samli wakati wa baridi?"

"Inaganda kabisa."

"Mafuta ya zeituni je?"

"Hukaa majimaji ndani ya nyumba."

"Basi yale yana zaidi asidi za aina nyingine, zisizoganda upesi. Ufuta, lozi na samaki pia wanazo. Wanaozila hizo badala ya zile za kuganda, mara nyingi miili yao huitumia sukari vizuri zaidi."

"Sukari na mafuta vinakutana wapi?" Mufleh akauliza. "Mimi sielewi."

"Ukila mkate au wali, hugeuka sukari, ikaingia kwenye damu. Hapo kongosho hutoa kitu kinaitwa insulini. Insulini hupiga hodi kwenye misuli na kwenye ini: fungueni, sukari iingie. Sasa fikiria nyumba imejazwa magunia mpaka nyuma ya mlango. Aliye ndani anasikia hodi, anasukuma, mlango haufunguki. Magunia hayo ndiyo mafuta. Ukila kupita kiasi mwili hukosa pa kuyaweka. Yanajaa tumboni, halafu kwenye ini na misuli. Sukari inabaki nje, kwenye damu. Kongosho linatoa insulini zaidi na zaidi, mwaka hadi mwaka, mpaka linachoka."

"Baba yangu ndivyo alivyofika pale?"

"Huenda. Nawe una damu yake, kwa hiyo uwe mwangalifu zaidi. Lakini magunia yanatoka, Baba Khalaf. Mapema hii yanatoka."

Rawda alitugawia vijiko viwili vinavyolingana, mimi changu, Wadha chake. Tupike kwa mafuta ya zeituni, vijiko viwili vikubwa kwa siku kwa ajili yake, tusizidishe kwa kuwa ni mazuri, maana nayo hunenepesha. Samli iwe kijiko kidogo, Ijumaa tu. Mkia wa kondoo usiwekwe mbele ya mtu. Dengu, maharage na mboga ziongezwe, na mkate uwe wa ngano isiyokobolewa. Mufleh atembee kwa miguu nusu saa kila siku.

"Na ale nyumba moja kwa siku," Rawda akamalizia.

"Nitajuaje kama amekula?" nikauliza. "Akisema ameshiba, nitadhani ananikataa."

Wadha ndiye aliyejibu. "Kikombe, dada. Mgeni akitosheka na kahawa si hutikisa kikombe, nasi hatummiminii tena? Na yeye akila kwangu, akija kwako atikise. Akila kwako, atikise kwangu. Asiulizwe wala tusinune."

Lilikuwa wazo zuri. Iliniuma kwamba lilikuwa lake.

Haikuwa rahisi. Wiki ya kwanza Mufleh alilalamika kuwa wali umepauka. Siku moja nilimkuta ananusa kopo la samli kama mtu anayemkumbuka marehemu. Ijumaa shemeji yake aliuliza mkia uko wapi, nikamjibu, "Uko kwa kondoo." Lakini Mufleh alitembea. Mwanzo alipumzika njiani mara mbili. Baadaye akawa anapita nyumba zote mbili, anapanda mpaka zizini, anarudi.

Miezi sita ikapita. Rawda akampima tena. Kilo nane zilikuwa zimepungua. Kipimo cha sukari kilikuwa tano na nukta sita.

"Magunia yametoka mlangoni," Rawda akasema. "Mkirudi kwenye vijiko sita, yatarudi. Njooni kila mwaka tupime."

Jioni ile Mufleh alikwenda kwa mama yake mzazi, mjane wa Mzee Fayyad, akambusu kichwa kwa furaha. Sisi wawili alitununulia vitambaa, rangi moja, urefu mmoja. Niliupima.

Jana ilikuwa zamu ya Wadha. Mufleh alipita kwangu kunisalimu. Nikammiminia kahawa. Akanywa, akatikisa kikombe.

"Umekula nini kwake?"

"Dengu."

"Zinazidi zangu?"

Akatikisa kikombe tena, akacheka. Akainuka, akavaa makubazi. Gari lilikuwa uani, funguo zimetundikwa ukutani, hakuzigusa. Nikasimama mlangoni kumtazama akishuka. Mzee Fayyad, katika umri kama huu, hakuweza kwenda hatua kumi bila kushikwa.

Nilihesabu hatua zake kama kawaida yangu. Wivu uliniuma, sitakudanganya. Mume wangu alikuwa anakwenda kwa mwanamke mwingine, na alikuwa anakwenda kwa miguu yake miwili. Nikasema alhamdulillahi, nikaingia ndani kuosha kikombe.