Maikrofoni Nane za Ukumbi wa Mapokezi

Fundi wa sauti alikuwa juu ya ngazi, akifunga safu ya maikrofoni nane kwenye dari la hospitali, mpokezi alipomsogelea akiwa amevaa gauni la kijani. Alitaka kujua kama vyombo hivyo vingemsaidia kuwasikia wagonjwa katika ukumbi ule wa mwangwi na makelele.

"Kila moja inapata sauti kwa kupishana kidogo kwa wakati na nyingine," fundi akamweleza. "Kompyuta inazilinganisha. Nikielekeza upande fulani, sauti ya hapo inajitokeza, kelele nyingine zinafifia."

"Basi usinielekezee mimi. Nina maneno mengi."

Wakacheka. Baada ya miezi mitatu walikuwa wapenzi, wa kupigiana simu kuulizana tu kama mwenzake amekula.

Mchana mmoja, akiwa kwenye majaribio, fundi alimwona mpenzi wake amekaa benchi la mbali na dada yake. Mkono ukamponyoka, akawaelekezea maikrofoni. Sauti ya mpenzi wake ikaja safi: "Namdanganya kila siku. Akijua, ataniacha."

Jioni akampigia. "Huyo mwanamume ni nani?"

"Mwanamume gani, mpenzi?"

"Nimekusikia ukimwambia dada yako kwamba unanidanganya."

"Kumbe ulikuwa unanisikiliza?" Simu ikakatwa.

Kesho yake dada mtu akamfuata fundi kazini. "Shemeji, hakuna mwanamume. Sikio lake la kushoto limekufa. Mkiwa kwenye kelele anaitikia tu, nusu ya maneno yako hayapati. Anaona aibu kukwambia."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Kazi yake ni kuwasaidia watu wasikie, na huyu wa ubavuni mwake hakugundua kwamba hasikii.

Alimkuta kaunta. Hakuweza kumtazama usoni. "Nimekukosea. Ile rekodi nimeifuta."

"Kumbe na kurekodi ulirekodi?"

Hilo mpokezi hakuwa akilijua. Fundi akakiri. "Ndiyo. Nikaisikiliza mara nne."

Mpokezi alipanga mafaili yaliyokwisha kupangwa. "Mimi nimekuficha, wewe umeniibia maneno yangu. Sijui ni nani mwenye aibu kubwa zaidi."

"Ni mimi."

Mpokezi akavuta kiti, akakiweka upande wake wa kulia, wa sikio zima. "Kaa hapa. Ukitaka kujua jambo langu, niulize mwenyewe. Na useme polepole."

Fundi akakaa, kichwa chini, akamuuliza sikio lile lilianza lini kumtupa. Mpokezi akamweleza.