Kifungu Tulichokikariri

Kila asubuhi kabla ya kengele, mimi na Kidoti tulifagia darasa la sita na kusogeza madawati mbali na pale paa lilipovuja. Dawati letu lilikuwa la watu wawili, nasi tuliketi wanne. Hata leo nikisikia harufu ya chaki iliyolowa, darasa lile hunirudia lote.

Wenzangu waliniita Kasuku, kwa kuwa nilishika kila nilichosikia na mdomo wangu haukupumzika. Kidoti, aliyepewa jina hilo kwa alama ndogo shavuni, alikuwa hodari wa hesabu za kichwa, lakini akipewa kitabu, herufi zilimchanganya.

Mwaka huo ikaja habari ya vocha. Wakaguzi wangepima usomaji katika kila shule, na pale ambapo watoto wangefanya vibaya, wenye kutaka wangepewa vocha ya kulipiwa masomo katika shule binafsi. Bibi alipolisikia neno hilo aliomba na simu yake iongezewe salio. Wazazi walikutana, wakatofautiana vikali. Baba alitaka nihame. Mama alisema fedha hizo zitengeneze paa na kununua vitabu, watoto wote wafaidi. Mimi sikuwaza paa wala vitabu. Niliwaza nitakavyoketi mahali pasipo na Kidoti.

Siku moja nilitumwa ofisini kuchukua chaki. Juu ya meza ya mwalimu mkuu nikakiona kifungu cha mtihani. Nilikisoma mara mbili, nikatoka nacho kichwani. Jioni niliwakaririsha wenzangu nyuma ya darasa mpaka kikawa kinawatoka kama maji. Wakaguzi walipokuja, hakuna aliyekwama. Hata Kidoti alikimaliza, ingawa kidole chake kilikuwa kwenye mstari mwingine kabisa.

Tulitamba wiki nzima. Kisha mwalimu mkuu akatusomea barua. Tulipongezwa sana. Halafu ikasema kwamba mwalimu wa kusoma aliyepangwa kuja kwetu, pamoja na masanduku yake ya vitabu, angepelekwa shule nyingine, kwa kuwa sisi hatukumhitaji.

Kidoti aliniinamia sikioni. "Sasa mimi nani atanifundisha?"

Baada ya masomo nilikwenda moja kwa moja kwenye kibanda ambamo mama alishona nguo, nikamweleza yote bila kuficha. Aliacha kukanyaga cherehani.

"Mteja akinidanganya kipimo cha kiuno, nguo nitamshonea, lakini hataweza kuivaa," alisema. "Ndicho mlichowafanyia wakaguzi. Twende kwa mwalimu wako."

Mwalimu mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakupaza sauti. Aliwaandikia wakaguzi siku hiyo hiyo. Walirudi na kifungu kipya, nasi tukababaika. Kidoti alilia kwenye sentensi ya pili. Matokeo yalikuwa mabaya, lakini yalikuwa yetu.

Vocha zikaja, na mwalimu wa kusoma naye akaja. Wenzetu sita walihama, tukawasindikiza hadi getini. Baba aliniwekea fomu mezani akaniuliza nataka nini. Nilipomwomba nibaki, alimtazama mama, akacheka na kusema kura zimemzidi. Adhabu yangu ilikuwa kusoma na Kidoti kila mapumziko, na nisimtajie neno kabla hajajaribu mwenyewe. Kwangu mimi, kunyamaza ndiko kulikuwa adhabu hasa.

Siku ya kufunga shule, Kidoti alisimama mbele ya wazazi akasoma ukurasa mzima wa kitabu ambacho hakuwahi kukiona. Alisoma polepole, mara mbili akarudi nyuma kujisahihisha. Makofi yalipotulia, mwalimu mkuu alitugeukia sisi wanafunzi.

"Alama za kweli, hata zikiwa ndogo, zinatuonyesha nani anahitaji msaada," alisema. "Alama za uongo zinatufanya tumwache mwenzetu nyuma, huku tukimpigia makofi."